Mgambo Aliyepiga Hodi

Ndugu zangu, kabla sijaingia kwenye neno la leo nataka kusema kidogo na benchi la nyuma. Msigeuke, mtawaaibisha wenzenu. Wakati mzee wa kanisa anasoma matangazo, kuna mtoto huko nyuma alikuwa anapiga benchi kwa viatu, ko, ko, ko, na mama yake akamwinamia akamwambia, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe alidhani ni ndogo: "Tulia! Unamwona mchungaji yule? Atashuka akukate masikio."

Mtoto akatulia. Akanitazama, kisha akashika masikio yake yote mawili. Nami nimekaa pale na joho langu nikajiuliza, tangu lini nimekuwa mkata masikio? Chuo cha theolojia nilikaa muda mrefu, lakini somo hilo silikumbuki.

Mnacheka. Chekeni, leo ni siku ya Bwana. Lakini mimi nimeyaona macho ya yule mtoto, na yamenikumbusha mbali. Nipeni nafasi niwape mfano, maana neno la leo linaweza kusubiri kidogo.

Kulikuwa na mama mmoja muuza ndizi, katika soko la mji mmoja wa baridi, huku huku kwetu nyanda za juu, ambako ukungu unashuka mchana kweupe ukashindwa kumwona jirani yako wa meza ya pili. Mama huyu alikuwa na binti mdogo ambaye hajaanza shule. Mtoto tumpe jina, maana mtoto asiye na jina akipotea utamwitaje? Tumwite Sekela.

Mama yake Sekela hakuwa mama mbaya. Alikuwa na kazi nyingi na mikono miwili, na mama wa namna hiyo hutafuta msaidizi. Msaidizi wake alikuwa mgambo wa soko, ingawa mgambo mwenyewe hakujua kama ameajiriwa. Sekela akikataa uji: "Haya, mgambo huyo anakuja!" Sekela akisogelea barabara: "Mgambo atakutia kwenye gunia!" Sekela akililia maandazi ya jirani: "Nyamaza, mgambo anakula watoto wanaolia." Na mgambo akipita kweli, jitu la miraba minne, sare ya kijani, buti, kirungu mkononi, na sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, Sekela anajiviringisha kwenye kanga ya mama yake asionekane hata kisigino. Mama anatabasamu, anaendelea kuuza ndizi zake.

Sasa niwaulize, na msijibu kwa mdomo. Nani hapa hajawahi kutumia dawa hiyo? Polisi atakukamata. Muuguzi atakuchoma sindano. Subiri uanze shule, mwalimu atakunyoosha. Na Jumapili ikifika, mchungaji anakata masikio. Kila mtu aliyepewa dhamana juu ya mtoto wetu tumemgeuza zimwi, halafu mtoto akikua akawa hamheshimu mtu tunasema watoto wa siku hizi wameharibika.

Hebu nimwache Sekela kidogo pale kwenye kanga, niwapeleke nyuma.

Kule nilikokulia tulikuwa na balozi wa nyumba kumi aliyeitwa Mzee Mwamengo. Wa umri wangu mnawakumbuka mabalozi wa aina ile. Koti la kaki, jua liwake, mvua inyeshe. Baiskeli haina breki, kwa hiyo akifika kwenye mteremko anakanyaga gurudumu la mbele kwa soli ya kiatu, na sisi tunasikia harufu ya mpira kabla hatujamwona mwenyewe. Siku mama yangu alipoona nimeanza kutoka peke yangu nje ya ua, alinishika mkono akanipeleka mpaka kwake. Sikuwa nimekosa lolote. Alinipeleka tu, kama mgeni anavyopelekwa kuonyeshwa kisima.

Akaniambia, "Mwanangu, huyu ndiye balozi wetu. Mpe shikamoo."

Nikapiga goti, nikampa. Yule mzee akaitikia taratibu, bila haraka, kana kwamba nimekwenda na shauri kubwa: "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Hapa kwangu umepaona?"

Nikasema nimepaona.

"Basi usipasahau," akasema.

Njiani tukirudi mama akanieleza. "Ukipotea, ukiumia, ukiona moshi kwenye paa la mtu na mimi sipo, unakimbilia pale. Na yeye akikwambia simama, unasimama. Akikwambia rudi nyumbani, unarudi, hata kama mpira haujaisha." Baadaye akanipeleka vivyo hivyo kwa mwalimu mkuu, ambaye alinipa mkono uliojaa chaki, na kwa muuguzi wa zahanati, mama mmoja mnene aliyenibandika plasta kwenye goti ambalo halikuwa na kidonda. Nilitembea na plasta ile mpaka ikaanguka yenyewe. Ndivyo nilivyofundishwa wakubwa wangu, mmoja mmoja, kwa sura na kwa nyumba.

Lakini kuna jambo moja la Mzee Mwamengo ambalo sitalisahau mpaka nizikwe. Watoto tulikuwa tunajenga vibanda vya majani ya migomba, tunacheza baba na mama, tunasonga ugali wa udongo. Balozi akipita, na kesi zake zote za mipaka ya mashamba kichwani, alikuwa anashuka kwenye baiskeli. Anasimama nje ya kibanda ambacho kinamfika kiunoni. Anavua kofia. Anasema, "Hodi hapa!"

Sisi ndani tunabanana kwa kicheko, tunaitika, "Karibu!" Anachutama mlangoni, anapokea ugali wa udongo kwa mikono miwili, anatafuna hewa, anasema chumvi imepungua. Kisha anasimama, anavaa kofia, na sauti inabadilika: "Haya, jua limekwisha. Kila mtu kwao." Na tunakwenda, ndugu zangu, hakuna anayebisha. Mtu aliyekupigia hodi utamkatalia nini?

Tulichapwa siku zile, nisiwadanganye, na kuna bakora nyingine hazikuwa na haki. Siyo kila kitu cha zamani kilikuwa asali. Lakini ile harufu ya mpira uliochomwa na kiatu ningeipata leo, mahali popote, ningesimama tu njiani niinuse. Natamani watoto wetu wangekuwa na mtu wa kumkumbuka namna hiyo.

Turudi sokoni.

Ilikuwa siku ya gulio, ukungu umelala mpaka kwenye meza. Malori ya ndizi yamejipanga upande wa juu, wapakiaji wanabeba mikungu wanairusha ndani, madereva wana haraka ya kushuka mlima kabla giza halijaingia. Mama yake Sekela ana mteja mgumu, yule anayebonyeza kila ndizi halafu anasema hazijakomaa. Sekela anazunguka zunguka meza, anaimba. Mguu wake ukanasa kwenye kamba, kamba ikavuta ndoo, na ndoo ya mtindi ya mama jirani ikalala chini. Mtindi wote ukaenda kwenye matope.

Mama hakugeuka hata shingo. Aliangusha neno lililokuwa karibu na ulimi: "Ngoja! Leo mgambo anakuchukua kweli!"

Na saa ile ile, jamani, mgambo akatokea kwenye ukungu. Alikuwa kwenye mzunguko wake wa kawaida, anatafuta mtu aliyemwaga maganda njiani. Wala hakumwona Sekela. Lakini Sekela alimwona.

Mtoto akatimka. Akapita chini ya meza, akapita katikati ya miguu ya watu, akafika kwenye malori, akapanda kwa ule ubao wanaopandia wapakiaji, akajipenyeza kati ya mikungu mpaka chini kabisa, kwenye kona, akajifunika jani la mgomba. Na wapakiaji kwenye ukungu ule hawakuona kitu. Wakaendelea kurusha mikungu juu yake. Mnaijua mikungu ya ndizi za kupika ilivyo mizito. Mtoto yuko chini, shehena inapanda, na dereva ameshawasha injini.

Mama akageuka. "Sekela!" Kimya. "Sekela!" Hapo ndipo mteja mgumu na ndizi zake wakasahaulika. Mama akapiga yowe, na soko lote likaacha kuuza.

Aliyefika wa kwanza ni nani? Mgambo. Alipuliza filimbi, akakimbia mpaka kwenye njia ya malori, akasimama katikati na kirungu amekiinua. "Hakuna kutoka! Hakuna kupakia! Kuna mtoto amepotea!" Dereva mmoja akafoka kwamba ndizi zake zitaivia njiani. Mgambo akamjibu, "Ziive." Kisha akaanza kutafuta, na ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde: "Sekela! Toka! Toka upesi!"

Na mama nyuma yake, machozi yanamtiririka, kanga imemshuka mabegani, anaita kwa matumaini yote aliyokuwa nayo: "Sekela mwanangu, toka! Mgambo huyu hapa! Mgambo amekuja!"

Mnasikia hilo? Kwa mama zilikuwa habari njema. Msaada umefika, mwanangu, toka. Lakini yule mtoto chini ya mikungu alisikia nini? Alisikia maneno yale yale aliyoyasikia kila siku akikataa uji. Kwa hiyo kadiri walivyomwita ndivyo alivyozidi kujisukuma ndani, kwenye uzito, mahali ambapo hata pumzi inapita kwa shida. Alikuwa anamkimbia mtu pekee sokoni aliyekuwa amesimamisha magari kwa ajili yake.

Mgambo akasimama. Hakuwa mjinga. Akamwambia mama, "Mama, hebu ngoja kwanza. Huyu mtoto ananijua?"

"Anakujua sana, baba."

"Ananijua mimi ni nani?"

Mama akajifunika uso kwa mikono. "Nisamehe, baba. Nilimwambia unakula watoto."

Yule mgambo akashusha kirungu. Ilimuuma. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini maneno yale yalimuuma, na alisema wazi. "Kumbe ndiyo maana," akasema. "Watoto wote wa hapa sokoni wananikimbia. Mimi nilidhani ni hizi buti." Kisha akauliza swali ambalo watu waliona ni la ajabu kwa saa ile: "Kwenu, mtu akipiga hodi, mtoto amefundishwa nini?"

"Bibi yake hataki mchezo na hilo," mama akasema. "Hodi ikipigwa lazima aitike, hata kama mdomo umejaa chakula. Anasema nyumba isiyoitika hodi ni pango."

Mgambo akapuliza filimbi tena. "Zimeni injini. Na ninyi nyote, kimya." Soko likanyamaza mpaka ukasikia matone yakidondoka kwenye mabati. Akavua kofia, akaibana kwapani. Akaweka kirungu chini. Akaenda kwenye lori la kwanza, akagonga ubavu wa bodi kwa vidole tu, na ile sauti yake akaishusha mpaka wengine wakashangaa kwamba inashuka.

"Hodi."

Kimya. Akaenda la pili. "Hodi hapa." Kimya. Mama anauma ncha ya kanga. Akaenda lile la mwisho, lililojaa kupita mengine, akagonga. "Hodi humu ndani."

Na kutoka chini ya mikungu ikatoka sauti nyembamba, imebanwa, lakini ni sauti ya mtoto aliyelelewa:

"Karibu."

Hakufikiri, ndugu zangu. Neno lilimtoka kabla hofu haijamziba mdomo. Bibi yake alilipanda mapema, nalo likaota lenyewe siku ya shida.

Mgambo hakurukia ndani. Alisema, "Ahsante. Niingie?"

Kisha: "Wewe ni nani?"

Mama alitaka kusema mjomba, mwambie ni mjomba. Mgambo akamzuia kwa mkono. "Mimi ni mgambo," akasema.



"Unakula watoto?"

"Nakula makande. Watoto nawarudisha kwa mama zao. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Na mtindi?"

"Mtindi tutakwenda wote wawili, wewe utamwomba radhi mwenyewe, na mimi nitasimama karibu yako."

Wakaanza kuondoa mikungu, taratibu, mmoja mmoja, mpaka ukatokea mkono mdogo wenye utomvu. Mgambo akaushika. Akamtoa, akamfunika kwa koti lake la sare. Na kweli, kabla ya yote, wakaenda kwa mwenye mtindi, Sekela akapiga goti kwenye matope akaomba radhi, na mama jirani akamfuta utomvu usoni.

Ndipo mama yake akampokea. Akalia, akamkumbatia, kisha akafanya kile alichopaswa kukifanya zamani sana. Akamshika mkono akamgeuza. "Mwanangu," akasema, "huyu ndiye mgambo wetu. Mpe shikamoo."

Sekela akamwangalia mama yake kwa mshangao. "Mimi namjua," akasema. "Alipiga hodi."

Ndugu zangu, mfano umekwisha, lakini sisi bado.

Angalieni lugha yetu ilivyo na hekima. Kuna kumkimbia mtu na kuna kumkimbilia mtu. Tofauti ni silabi moja tu, li, ndogo hata ulimi hauchoki. Mimi Mzee Mwamengo nilimwogopa, msidhani sikumwogopa. Nikimwona tu, naacha kurusha mawe. Lakini siku nyumba ya jirani yetu iliposhika moto na wazazi wangu wakiwa shambani, miguu yangu haikuniuliza iende wapi. Ilikimbilia kule ilikopelekwa kwa mkono. Mama yangu alikuwa ameitia ile silabi. Sisi tunaitoa kila asubuhi, kwa sababu ya uji.

Heshima ni kumjua mkubwa wako, kujua amepewa kazi gani, kumtii kwa kuwa kazi ile ni kwa ajili yako. Mtoto hawezi kuyajua hayo kwa kutishwa. Lazima apelekwe, aonyeshwe, aambiwe huyu ni mwalimu wako, huyu ni muuguzi, huyu ni mwenyekiti wetu wa mtaa, mpe shikamoo. Wiki hii mchukueni mmoja kwa mkono. Na asipokula uji, mwambieni ukweli, kwamba atashinda na njaa. Ukweli unatosha, msimsumbue mgambo.

Na ninyi wenzangu mnaovaa sare, na sisi wa majoho, na walimu mlioko hapa, nanyi nawaona mmeinamisha vichwa. Tusiseme watoto hawatuheshimu kama hatujawahi kuvua kofia mbele ya kibanda cha migomba. Yule mgambo alikuwa na kirungu na filimbi, na alivitumia kwa madereva, sawasawa kabisa. Lakini kirungu hakikumtoa Sekela.

Sasa nimalize na lile linaloninyima raha. Nani mwingine tumemfanya mgambo wa kula watoto? "Mungu anakuona! Mungu atakuchoma moto!" Tunalisema mtoto akiiba kipande cha nyama. Kisha mtoto huyo anakua, siku moja anamwaga mtindi wa maisha yake, ndoa, kazi, jina lake, na sisi tunasimama hapa madhabahuni tunaita kwa furaha, "Njoo! Mungu yuko hapa!" Naye kule aliko anasikia nini? Anazidi kujisukuma chini ya shehena. Wako wangapi kule chini leo, watoto wetu wenyewe, waliokulia kwenye mabenchi haya? Nawalilia wengi, na wengine wenu hapa mnawalilia pia.

Lakini Mwenye mamlaka yote, ambaye angeweza kupindua lori zima kwa kidole, Yeye hajapindua. Anazunguka kwenye ukungu, anagonga ubavu wa bodi, anasema hodi. Na atangoja.

Basi, tukimaliza wimbo ujao, joho hili nitaliacha kwenye kiti. Nitashuka niende benchi la nyuma. Mama, usimfiche mtoto, wala usimsukume mbele, wala usimfundishe la kusema. Nitasimama pembeni ya benchi lenu, nitachutama kama magoti haya yatakubali, na nitapiga hodi. Halafu ninyi wote mnyamaze, mnisaidie kungoja.